Maswali Yenu: Je, Kristali ya Sumaku Ikivutwa Hupata Ncha za Umeme?

SWALI: Mhariri, salaam. Nimesoma kwamba baadhi ya vitu vya sumaku vikivutwa hupata ncha chanya na ncha hasi za umeme. Naweza kuvuta kipande kwa mashine ya maabara ya chuo nikaliona hilo? Na kwa nini sumaku nyingi hazifanyi hivyo? (Mwanafunzi wa fizikia, Morogoro)

JIBU: Kwa mashine, hapana. Vitu unavyovisema ni oksaidi, yaani metali zilizoungana na oksijeni, nazo huvunjika kwa urahisi kama vigae: kipande kinene hupasuka mapema mno, na hapa tunahitaji mvuto wa karibu asilimia 1 au zaidi. Kinachofanyika ni kuotesha utando mwembamba juu ya kristali nyingine ambayo atomu zake zimeachana kidogo zaidi. Utando ukishika, hulazimika kutanuka.

Mfano bora ni EuTiO₃, oksaidi ya yuropiamu na titani. Wanafizikia Craig Fennie na Karin Rabe walitabiri kwa hesabu mwaka 2006 kwamba mkazo wa utando ungeweza kuleta tabia hii, na mwaka 2010 Darrell Schlom na wenzake wakautengeneza utando wenyewe. Umbali wa msingi katika kristali yake, yaani urefu wa kipande kidogo kinachojirudia, ni nanomita 0.3905; wa DyScO₃, kristali iliyo chini yake, ni karibu 0.395. Tofauti hiyo, ukiigawa kwa 0.3905, ni asilimia 1.1 hivi. Utando wao ulikuwa na unene wa nanomita 22.

Sasa swali lako la pili, ambalo ndilo kiini. Ioni ya metali huwa tayari kuhama kutoka katikati ya oksijeni zake pale obiti zake za d (mojawapo ya makundi ya nafasi za elektroni katika atomu) zinapokuwa tupu, lakini sumaku za kawaida hutokana na elektroni zilizomo humohumo ndani ya d. Ndiyo maana sifa hizi mbili hukimbiana. Ndani ya EuTiO₃ kazi zimegawanywa: yuropiamu hubeba sumaku kwa elektroni 7 za f, kundi jingine la nafasi hizo, na titani yenye d tupu huhama. Utando ukitanuliwa, nguvu ya kuirudisha titani katikati hulegea, nayo husogea upande mmoja. Ncha za umeme hutokea chini ya kelvini 250 hivi. Usumaku wenyewe unahitaji baridi kali, karibu kelvini 4.

Mambo huharibika wapi? Utando ukizidi unene, kasoro za mpangilio huingia na mvuto hupotea, kwa hiyo pima kwa eksirei kabla ya lolote. Oksijeni ikizidi wakati wa kuotesha, Eu²⁺ hugeuka Eu³⁺, na sumaku inakwenda na maji. Ikipungua, utando huvujisha umeme, na mchoro wa chaji dhidi ya volti, ambao kujifunga kwake kimviringo huchukuliwa kuwa dalili ya ncha, hujifunga hata pasipo ncha zozote. Usiuamini peke yake. Mulika utando kwa leza utafute mwanga wenye masafa maradufu, dalili nyingine ya ncha, kisha oteshea utando mwingine juu ya LSAT, kristali yenye umbali mdogo zaidi (nanomita 0.3868), ambayo huubana badala ya kuuvuta. Huo haupaswi kuonyesha ncha wala usumaku wa feri, yaani ule ambao sumaku ndogo za atomu zote huelekea upande mmoja. Ukionyesha, chunguza kasoro za utando wako kwanza.