Shaba au alumini kwa nyaya za ndani

Ndugu, umeuliza kama alumini inafaa kwa nyaya za ndani kwa kuwa ni nafuu. Ushauri wangu ni utumie shaba, milimita za mraba 1.5 kwa taa na 2.5 kwa soketi. Alumini huhitaji waya mnene zaidi, lakini tatizo kubwa liko kwenye maungio, ambako hutanuka na kusinyaa kuliko shaba, skrubu ikalegea, utando wa oksidi (tabaka jembamba linalojitokeza alumini ikikutana na hewa) ukazuia umeme, na soketi ikapata moto hadi plastiki yake ikageuka kahawia. Nafasi ya alumini ni nje, kutoka nguzoni hadi kwenye mita. Dukani, kwangua ncha ya waya kwa kisu, kwani ipo alumini iliyopakwa shaba (nayo huuzwa kama shaba halisi), na ukiona weupe chini ya wekundu, usiununue.