Herufi zenye ukungu kwenye skrini bapa

Kama herufi kwenye monita yako zinaonekana na ukungu, monita haijaharibika hiyo shekhe, usikimbilie Darajani kununua nyengine. Kwanza rudisha rezolusheni yake ya asili (idadi ya pikseli, yaani vinukta vya skrini, iliyotengenezwa nayo), skrini bapa inayo moja tu, kama ni ya 1920 kwa 1080 na wewe umeishusha 1366 kwa 768 ili maandishi yawe makubwa basi lazma yatie ukungu, ukitaka makubwa ongeza skeli (Scale, kwenye mipangilio ya skrini ya Windows). Halafu bonyeza Windows na R, andika cttune, enta, tia tiki ClearType (njia ya Windows ya kulainisha herufi), itakuletea vipande vya maandishi uchague kinachosomeka vizuri kwa jicho lako wewe khasa.

Inasaidia kwa sababu kila pikseli ni vistari vitatu, nyekundu, kijani na buluu (tone la maji likirukia skrini nyeupe utaviona), na ClearType inakitumia kila kimoja peke yake kulainisha ukingo wa herufi. Mie nshaziwekea hivi kompyuta za skuli moja huku Wete, tofauti unaiona hapo hapo.

Ila kama umeunga kwa waya wa VGA (ule wa zamani wa analogi), bonyeza kitufe cha Auto kwenye monita mwanzo au hamia waya wa HDMI (wa dijitali), maana ukungu wa waya ClearType haiuondoi.