Kwa Nini Ulilala Bweni

Chumbageni, Tanga

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako imefika, na swali lililomo nililisoma mara mbili kabla ya kumsomea mama yako. Umeuliza kwa nini tulikulaza bweni kidato cha tatu na cha nne katika shule ile ile niliyokuwa nikifundisha, uliyokuwa ukiiendea kwa baiskeli kwa robo saa tu, ilhali wenzako wa mtaani waliendelea na kutwa; na umesema kwamba miaka yote hii umedhani tulikuwa tumekuchoka. Hatukukuchoka. Sababu ilikuwa fedha, na sikukueleza wakati ule kwa kuwa niliona haya.

Ili unielewe, kwanza ujue shule ya binafsi hula nini. Mjini kwetu shule ya serikali ni jambo la zamani: Wajerumani walifungua yao hapa Tanga mwaka 1892, ya kwanza ya serikali katika koloni lao lote, kwa sababu walihitaji makarani, wakalimani na maakida wa kuwasimamia watu vijijini kwa niaba yao, na kwa kuwa watu wa pwani wasingepeleka watoto wao mahali wanapobatizwa, hawakufundisha dini humo, na masomo yakawa kwa Kiswahili. Wamisionari wa Kianglikana walikuwa na shule yao kule Magila, upande wa Muheza. Wakati wa Waingereza watoto walitengwa kwa rangi, Mzungu kwake, Mhindi kwake, Mwafrika kwake, mpaka mwaka 1962. Shule za sekondari zisizo za serikali ziliendelea kuwepo hata baada ya sera ya Nyerere ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, na Jumuiya ya Wazazi ya chama cha CCM ilijenga nyingi miaka ya 1980, lakini mlango ulifunguliwa wazi na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995. Shule yetu ilipita katika mlango huo. Ilianza na kutwa peke yake, ndani ya nyumba ya kupanga, na maabara ya kemia ilikuwa jiko la nyumba hiyo, ambalo masizi yake hayakufutika hata tulipopaka chokaa mara tatu.

Sasa fikiria. Mwalimu wa serikali hulipwa na Hazina, hata kama mshahara unachelewa. Sisi hatukuwa na Hazina wala ruzuku, tulikuwa na ada tu. Mzazi wa kutwa alileta nusu, akaahidi nusu nyingine machungwa ya Muheza yakiuzwa, mtoto akarudishwa nyumbani Jumatatu na Alhamisi yuko darasani tena, kwa sababu hakuna mwalimu mwenye moyo wa kumfukuza mara ya pili. Mzazi wa bweni alikuwa tofauti. Huyo alitoka Korogwe, Handeni au Dar es Salaam, akalipa kabla tranka halijashushwa garini, maana hangeweza kupanda basi kila wiki kuja kubembeleza. Ndiyo maana mwenye shule alijenga bweni. Watu walisema amejenga biashara. Mimi niliyekuwa nikihesabu magunia ya maharage usiku wa zamu yangu najua kwamba bweni nalo lina tumbo: kuni, mahindi, maji ya boza bomba likikauka, matroni, mlinzi, mafuta ya jenereta ya kuwasha taa za prepo.

Mwaka ule ulipoingia kidato cha tatu, shule ilikuwa inanidai kazi, nami naidai mishahara ya miezi minne. Nilikwenda ofisini nikiwa nimejiandaa kuacha. Mwenye shule hakubisha. Alifungua daftari la vitanda, akanionyesha kwamba upande wa wasichana kuna nafasi, akasema kwamba fedha hana ila kitanda anacho, na chakula cha mtoto mmoja zaidi hakitaonekana sufuriani. Nyumbani tulikuwa tumeanza kula mlo mmoja wa maana kwa siku, na wewe ulikuwa ukisomea kibatari. Nikakubali. Kwenye risiti, mahali pa kuandika fedha taslimu, mhasibu aliandika "kwa makato". Mwanangu, kile kitanda kilikuwa mshahara wangu, na mimi ndiye niliyesimama paredi kila Jumatatu nikiwahimiza wanafunzi wawakumbushe wazazi wao kulipa ada.

Kuhusu ubaridi wangu kwako, hilo nalikiri. Sikutaka wenzako waseme mtoto wa mwalimu anapendelewa, kwa hiyo nikakuamuru uniite mwalimu ndani ya geti. Nilipokuwa zamu, kengele ya saa kumi na moja alfajiri ikishalia, nilisimama kando ya foleni ya uji na kukuona umeshika kikombe chako cha bati kwa mikono miwili kwa ajili ya joto, nawe unasema "Shikamoo mwalimu" bila kuniangalia. Ule mkate wa kumimina uliokuwa ukiupata kila Ijumaa, ukidhani matroni anakupenda, ulitoka kwa mama yako, nami nikaupitisha dirisha la stoo nimeufunga gazetini.

Mimi nimestaafu, na shule bado ipo, ingawa imebadilika. Tangu Januari 2016, serikali ilipofuta ada katika shule zake hadi kidato cha nne, wanafunzi wa kutwa wamepungua sana, na waliobaki wengi ni wa bweni.

Risiti ile ninayo katika faili la kijani, pamoja na cheti chako cha kidato cha nne. Ukija Iddi utaisoma mwenyewe. Tranka lako mama yako anahifadhia mchele. Jina lako bado liko juu ya kifuniko kwa rangi nyeupe, kwa mwandiko wangu, na herufi ya mwisho imejikunja kwa sababu nafasi iliniishia.

Baba yako