Kabla ya kutolewa nyongo, uliza ganzi itachomwa wapi
Kazi yangu ni ya usingizi, katika chumba cha upasuaji hapa Tanga. Wagonjwa wa mawe kwenye mfuko wa nyongo huniuliza kama watalala kabisa. Hilo msihofu, mtalala. Ulizeni la baada ya kuamka: maumivu yatatulizwaje?

Ukipasuliwa kwa mkato mrefu chini ya mbavu za kulia, kila pumzi na kila kikohozi huvuta kidonda. Mgonjwa akiogopa kuvuta pumzi, makohozi hubaki mapafuni na nimonia hunyemelea. Ndiyo maana hata anayeniambia "nitavumilia" namsihi akubali ganzi.

Lakini ganzi hazifanani. Ile ya ubavuni, ambayo dawa huwekwa katikati ya misuli ya tumbo, kati ya mbavu na nyonga, hutuliza zaidi sehemu ya kitovu kushuka chini. Kina mama wanaojifungua kwa upasuaji inawafaa. Kidonda cha nyongo huenda isikifikie. Kwa nyongo sindano hiyo ipande, ifuate ukingo wa mbavu. Hapo ngozi na misuli hutulia, ila maumivu ya ndani yenyewe haiyagusi. Nyingine huchomwa mgongoni, chini ya misuli inayokwenda sambamba na uti wa mgongo. Ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2016. Kwa mkato mrefu mimi huichagua hii, kwa kuwa huweza kupunguza na ya ndani, ingawa si kwa kila mtu. Zote tunaziongoza kwa ultrasaundi.

Ukifanyiwa kwa matundu madogo, usililie sindano kubwa. Dawa ya ganzi iitwayo bupivakaini kwenye matundu, parasetamoli na diklofenaki, kama figo na tumbo ni salama, huwatosha wengi. Bega la kulia likiuma, mara nyingi ni gesi iliyotumika kuinua tumbo imekera msuli wa kupumulia. Neva ya msuli huo hutoka shingoni, kwa hiyo ganzi ya tumbo haiwezi kuizuia.

Ndugu mnaokaa na mgonjwa wodini, ganzi ni ya saa kadhaa tu. Kumbusheni dawa za maumivu zianze kabla haijaisha, msingoje alie kwa maumivu.

Nawe mgonjwa, tutajie uzito wako, mzio na dawa za kuzuia damu kuganda. Ukichomwa ukiwa macho, halafu midomo ikafa ganzi au masikio yakavuma, sema hapo hapo: huenda dawa imezidi kwenye damu, na tuna hatua za kuchukua.