Chupa ya uzazi imepasuka wiki ya 31 ya mimba, uchungu hana: usitie vidole!

Wewe mkunga uliyeuliza, vua hizo glavu kwanza. Umeandika una mama wa wiki 31, maji yanatoka tangu asubuhi, uchungu hana, na unataka umpime njia ujue mlango wa kizazi umefunguka sentimita ngapi, ndo uamue dawa, rufaa, na kama alale au atembee. Kwa vidole usimpime kabisa!!

Mimi nilimpima wa kwangu. Nilikuwa mgeni kazini, mama wa wiki 30 na kitu kaja anatembea mwenyewe, homa hana, mtoto anacheza, nikaomba spekulamu (kifaa cha kufungulia uke ili uone ndani), mkubwa wangu wa shifti akasema unatupotezea muda, tia vidole uandike tuendelee. Nikatia. Njia imefunga. Jioni wakatia wengine, usiku tena, maana kila anayeingia zamu anataka ajaze namba yake kwenye faili, asubuhi na mimi nikarudia. Siku ya pili mama anatetemeka, joto 38.7, mapigo ya mtoto 180, tumbo ukiligusa analia, maji yananuka. Maambukizi yameshaingia ndani, hapo husubiri tena, mtoto lazima atoke hata kama mapafu bado. Alizaliwa anapumua kwa shida, siku ya nne akafariki. Mama yake akanishukuru kwa kumhudumia. Ile asante mpaka leo siwezi kuisahau.

Na yule mkubwa nina hasira naye hadi kesho. Mwongozo umebandikwa ukutani nyuma ya kichwa chake, yeye anakwambia "hapa tunafanya hivi siku zote". Siku zote mnaua!

Kidole kinasukuma bakteria wa ukeni mpaka kwenye mlango wa kizazi, hata glavu iwe safi vipi. Na wiki ya 31 unachotafuta ni muda, deksamethasoni ya kukomaza mapafu ni 6 mg kila saa 12 mara nne, piga hesabu, ni siku karibu mbili unazihitaji mtoto akiwa bado ndani na mama hana maambukizi.

Tumia spekulamu iliyotakaswa, mwambie akohoe, utaona maji yakitoka na mlango utauona kwa macho. Huna spekulamu? Mwekee pedi safi, baada ya saa moja iangalie na uinuse ujue ni maji ya chupa au mkojo, mkojo wote tunaujua harufu yake. Joto, mapigo ya mama na ya mtoto pima mara kwa mara. Vidole usitie mpaka uchungu uanze kweli.

Dawa ya kuzuia maambukizi ni erithromaisini 250 mg mara nne kwa siku, siku 10. Amoksisilini yenye klavulanati usimpe, inahatarisha utumbo wa mtoto.

Kama umeshampima, andika saa kwenye faili, shifti inayokuja waambie kwa mdomo, halafu bandika karatasi kitandani kwake, herufi kubwa: HAKUNA VIDOLE. Mimi nabandika kila mara, wanaonuna wanune.