Novemba 1956: Kura ya turufu ilizungukwaje?

SWALI: Nafundisha historia kidato cha sita. Tulipofika Mgogoro wa Suez, yaani Israel, Uingereza na Ufaransa zilipoishambulia Misri mwaka 1956 baada ya Misri kuutaifisha Mfereji wa Suez, mwanafunzi mmoja aliniuliza: Uingereza na Ufaransa zilikuwa na kura ya turufu, yaani haki ya kuzuia uamuzi wa Baraza la Usalama, tena zikaitumia, sasa Umoja wa Mataifa uliwasimamishaje? Na kama njia ilikuwepo, mbona haikuwafaa Wahungari walipovamiwa na Wasovieti mwezi huohuo? Halafu kitabu kimoja kinasema azimio la kutaka vita vya Suez visitishwe lilipita tarehe 1 Novemba, kingine tarehe 2. Nimjibu nini?

JIBU: Mwalimu, tuimalize kwanza ya tarehe, maana ni nyepesi. Kikao cha dharura cha Baraza Kuu kilifunguliwa New York jioni ya Alhamisi, 1 Novemba. Mabalozi wakazungumza usiku kucha, na kura ikapigwa alfajiri, baada ya saa kumi. Kwa hiyo azimio, namba 997, ni la tarehe 2. Mwandishi wa kile kitabu kingine amehesabu siku kikao kilipoanza.

Sasa kura ya turufu. Israel iliingia Sinai, rasi ya Misri, tarehe 29 Oktoba. Kesho yake Marekani ikapeleka mbele ya Baraza la Usalama rasimu ya kuitaka Israel irudi nyuma. Wajumbe 7 kati ya 11 waliikubali, lakini Uingereza na Ufaransa zikapiga kura ya turufu. Kwa Uingereza hiyo ilikuwa mara ya kwanza tangu Umoja wa Mataifa uanzishwe.

Tarehe 31 Oktoba Yugoslavia ikaja na ombi la aina nyingine kabisa. Haikuliomba Baraza la Usalama liamue lolote kuhusu vita. Iliomba tu suala lihamishiwe Baraza Kuu, kwenye kikao cha dharura. Mwanafunzi wako akiielewa tofauti hiyo, kazi yako imekwisha. Ibara ya 27 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa inatenganisha mambo ya utaratibu na mambo mengine yote. Kwenye mambo ya utaratibu hakuna kura ya turufu. Wakati ule zilitosha kura 7 za yeyote. Yugoslavia ilipata 7 kamili. Uingereza na Ufaransa zilipinga, Australia na Ubelgiji zikajizuia, na suala likahama.

Utaratibu huo wa kuitisha kikao cha dharura ulitoka kwenye azimio 377 la Novemba 1950, maarufu kama Kuungana kwa Ajili ya Amani. Marekani ndiyo iliyolisukuma, wakati wa vita vya Korea, ikiwa na lengo la kuizunguka Urusi ya Kisovieti. Kikao cha kwanza cha dharura kuitishwa chini yake kikawa cha kuwabana marafiki wakubwa wa Marekani. Na aliyewasilisha azimio 997 ni waziri wa mambo ya nje wa Marekani mwenyewe, John Foster Dulles. Siku iliyofuata alilazwa hospitali akafanyiwa upasuaji. Kura zilikuwa 64 za ndiyo, 5 za hapana na 6 za kujizuia.

Lakini neno “uliwasimamisha” mwanafunzi alifute. Baraza Kuu linapendekeza, haliamrishi. Siku tatu baada ya azimio hilo, tarehe 5 Novemba, askari wa miavuli wa Uingereza na Ufaransa walishuka Port Said kana kwamba hakuna kilichosemwa. Kilichowasimamisha, kwa maoni yangu, ni fedha kwanza. Watu walikuwa wanaikimbia pauni. Kwa mwezi huo mmoja akiba ya Uingereza ilipungua kwa dola milioni 279. London ilihitaji kuchota kwenye Shirika la Fedha la Kimataifa, na Marekani ikaweka wazi kwamba bila kusitisha vita hakuna msaada. Mfereji nao ulikuwa umezibwa na meli ambazo Misri ilizizamisha, kwa hiyo hata mafuta yalikuwa shida. Vitisho vya Moscow vilikuwepo pia, ila siwezi kuvipa uzito uleule. Usiku wa tarehe 6, Waziri Mkuu Eden alisitisha mapigano.

Kazi ya azimio ilikuwa kumpa aliyebanwa mlango wa kutokea. Lester Pearson wa Kanada alipendekeza jeshi la dharura la Umoja wa Mataifa, na tarehe 15 Novemba askari wa kwanza walikuwa Misri. Bereti za buluu zisingepatikana kwa wakati, ikabidi kofia za plastiki za jeshi la Marekani zipuliziwe rangi. Misri ilikataa kikosi cha Kanada chenye jina la Malkia, ikiuliza wananchi watakitofautishaje na Waingereza waliotoka kuwapiga mabomu. Ilikuwa na haki ya kukataa, kwa sababu jeshi lile liliingia kwa ridhaa yake.

Hapo ndipo Hungaria ilipokwama. Utaratibu ulifuatwa vilevile. Vifaru vya Kisovieti viliingia Budapest alfajiri ya 4 Novemba. Siku hiyohiyo Moscow ilipiga kura ya turufu, Baraza la Usalama likahamisha suala kwa kura 10 dhidi ya 1, na Baraza Kuu likapitisha azimio 1004 kwa 50 dhidi ya 8. Waliojizuia walikuwa 15, wakiwemo Misri, India na hiyo hiyo Yugoslavia. Ila serikali mpya ya János Kádár, iliyowekwa na Moscow, haikutaka jeshi lolote la kimataifa, na hakuna aliyeshika mfuko wa Moscow kama Marekani ilivyoshika wa London. Waziri Mkuu wa Hungaria aliyeondolewa, Imre Nagy, alijificha ubalozi wa Yugoslavia, akaahidiwa usalama, akatoka tarehe 22 Novemba na kukamatwa palepale nje. Alinyongwa Juni 1958.

Ukibakiwa na muda darasani, waonyeshe viti vya Afrika katika kura ya tarehe 2: Misri, Ethiopia, Liberia, Libya na Afrika Kusini, basi. Nne za mwanzo zilisema ndiyo, Afrika Kusini ikajizuia. Sudan, Morocco na Tunisia zilipokelewa tarehe 12, mgogoro ukiendelea. Tanganyika ilikuwa bado chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, ikitawaliwa na Uingereza, na Nyerere alipozungumza kwenye Kamati ya Nne ya Baraza Kuu, iliyoshughulikia nchi za udhamini, Desemba ile, aliingia kama mleta maombi, bila kura.