Kabla Jirani Hajabisha Hodi: Redio ya Ridhaa Katikati ya Mtaa wa Mabati

Juzi kijana mmoja wa Morogoro, leseni yake ya redio ya ridhaa (ile redio ya kuzungumza na watu wa mbali kwa kujifurahisha tu) kutoka TCRA, mamlaka ya mawasiliano, bado inanukia wino, aliniandikia swali fupi: "Mzee, shikamoo. Antena nimeshanunua, ila mama mwenye nyumba anaogopa nitamharibia TV. Nimwambie nini?" Nilikusudia kumjibu kwa mistari miwili. Nimejikuta nimeandika yote haya, basi na wengine msome, maana najua mko wengi mnaotamani kuzungumza na Japani kutoka chumba cha uani.

Usimwambie kitu, mwanangu. Safisha kituo chako kwanza, kisha mkaribishe aje akae sebuleni kwako, aangalie TV yako, huku wewe uko kwenye maiki unarusha kwa nguvu zote. Picha isipokatika na sabufa yako isipokoroma, hapo umeshamjibu. Ikikatika, bora ujue wewe kabla hajajua yeye.

Mimi naishi Tanga, Ngamiani, kwenye zile barabara zetu za namba. Ukikohoa usiku jirani anakuambia pole. Vitabu vingi vya redio ya ridhaa vimeandikwa na watu wenye bustani, antena iko kule, jirani yuko huko. Nguvu ya wimbi hubaki robo kila umbali unapoongezeka maradufu, kwa hiyo wenzetu wale umbali wenyewe unawalinda. Sisi tulioshonana paa kwa paa hatuna kinga hiyo. Waya wangu wa kwanza ulianzia juu ya bati langu na ncha yake ikawa inachungulia uani kwa watu.

Wakati huo karibu kila jioni nilikuwa megahezi 14, nikipiga soga na wazee wa Muscat wanaosema Kiswahili kuliko vijana wetu wa hapa. Wati 100, mtambo wa dukani, leseni imebandikwa ukutani. Sikuwa nimevunja sheria hata moja. Jioni moja, kati ya Magharibi na Isha, darsa likiendelea msikitini, spika zikaanza kutoa sauti isiyo ya binadamu, kama bata aliyebanwa na mlango. Ilikuwa ni mimi.

Wasiojua wanashangaa kwa nini hawakunitambua. Ni kwa sababu ya SSB. Mtindo huu wa kurusha unaondoa wimbi mama na upande mmoja wa sauti, na redio ya mwenzako ndiyo inayolirudisha lile wimbi mama ili sauti ieleweke. Amplifaya ya msikiti haikuundwa kwa kazi hiyo. Inachofanya ni kubadili nguvu ya mawimbi kuwa mikoromo inayopanda na kushuka na maneno yako, bila neno hata moja kueleweka. Mtaani kwetu jambo lisiloeleweka halikosi maelezo. Nusu ya watu walisema ni jini. Nusu nyingine, waliokuwa wameuona waya juu ya paa langu, walisema mzee yule ni jasusi.

Kilichoniuma, na sitaficha kwamba kinaniuma hadi leo, ni kwamba hakuna aliyekuja kuniuliza. Habari ilipita kwa balozi wa nyumba kumi, ikafika serikali ya mtaa, nikaitwa mbele ya watu ambao nimezika nao na kuozesha nao. Jirani mmoja, ambaye baba yake nilimshusha kaburini kwa mikono hii, alinipita bila salamu kwa muda mrefu. Leseni niliwaonyesha. Leseni haina uzito wowote kwa mtu ambaye darsa lake limeharibika, na ninyi vijana mnaotembea na leseni mfukoni mkidhani ndiyo ngao, lisikieni hilo vizuri.

Nilimwomba muadhini kitu kimoja tu: apunguze sauti ya amplifaya mpaka sifuri, niende nyumbani, nirushe. Mkoromo ukatoka vilevile. Hiyo ni dalili kubwa kuliko vipimo vyote nilivyonavyo, ishike. Kitufe cha sauti kikiwa sifuri na kelele bado ipo, mawimbi yanaingilia baada ya kitufe, na mara nyingi njia yao ni nyaya za spika. Kelele ikipungua pamoja na kitufe, yanaingilia kabla: waya wa maiki, waya wa simu inayopiga kaswida, na kadhalika.

Nikaenda kuutazama waya wa spika unaopanda mnarani. Kwa macho tu ulikuwa kama mita kumi. Chukua 300 ugawe kwa 14.2, urefu wa wimbi ni mita 21 na kidogo, nusu yake kumi na nusu. Yaani msikiti ulikuwa umejijengea antena safi ya masafa yangu bila kukusudia, ukaichomeka kwenye amplifaya. Mtambo wangu ungekuwa safi kama maji ya mvua, bado ile ingesikia. Wengi hamtaki kukubali kwamba kuna mwingiliano ambao kosa si la anayerusha. Kifaa kinachopokea kisichotakiwa hakikuwekewa kinga kiwandani, basi. Lakini ukimwambia hivyo imamu umeshapoteza kesi.

Nilipeleka pete mbili kubwa za ferraiti, kitu kigumu cheusi kinachozuia mawimbi yasipite kwenye waya, nikazungusha waya wa spika mara kadhaa ndani ya kila pete, karibu kabisa na amplifaya. Kimya. Sheikh alicheka mpaka akakaa chini, akasema jini limefungwa kwenye pete. Mimi nilicheka pia, ingawa nilikuwa natamani aseme maneno hayo mbele ya wale walioniita jasusi. Hakuyasema.

Lakini mabati yalikuwa bado. Hili wa bara hamlijui sana, sisi wa pwani tunalo. Hewa ya chumvi inakula misumari na maungio ya bati, na pale kutu inapokutana na chuma panazaliwa kitu kinachofanya kazi ya dayodi, kile kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Wimbi lako linatoka safi, linafika kwenye kutu, linarushwa upya likiwa na harmoniki zake zote, yaani masafa yako mara mbili, mara tatu, na kuendelea. Megahezi 14.2 mara saba ni 99.4, katikati ya FM ambako mama wa maandazi anasikiliza taarabu. Utalitambua kwa tabia yake: mvua ikinyesha linapungua, upepo ukipiga linabadilika. Nilibadilisha misumari na bati moja la kofia, nikahamisha antena kutoka juu ya paa kwenda kwenye mnazi wa uani. Hilo la mnazi ndilo lililofanya kazi kubwa. Ondoeni antena juu ya mabati. Nitalisema tena kabla sijamaliza.

Kijana mmoja aliniuliza mbona sikununua filta. Filta ya kukata kila kilicho juu ya megahezi 30 ni kitu kizuri kama mtambo wako ni mchafu, au umeubebesha amplifaya ya kutengeneza mwenyewe. Mtambo wa kisasa unaotii kanuni za kimataifa, ukirusha wati 100 kwenye masafa mafupi, uchafu wake unatakiwa uwe chini kwa desibeli 50, yaani usizidi sehemu moja ya elfu ya wati. Filta haiwezi kufuta harmoniki iliyozaliwa juu ya bati, wala haiwezi kuzuia masafa yako halali yasiingie kwenye waya wa spika. Pesa hiyo nunua ferraiti.

Na SWR. Watu wananionyesha picha za mita, SWR 1.1, wanauliza kwa nini sabufa inalia. Mita hiyo inakuambia mtambo na antena vinaelewana. Haisemi lolote kuhusu mkondo unaorudi nyumbani kwa kupitia ngozi ya nje ya kebo, ukaifanya kebo yenyewe kuwa antena inayopita dirishani, kando ya soketi zako, ukutani kwa jirani. Zile antena za waya mmoja zinazolishwa mwishoni, mnazozipenda kwa kuwa ni rahisi kutundika, zina ugonjwa huu kuliko zote. Dipoli, yaani antena ya mikono miwili inayolishwa katikati, ina nafuu. Ya megahezi 7.1 ni mita 20 hivi, ikikosa nafasi ishushe mabega pande zote mbili. Kwa vyovyote, pale kebo inapokutana na antena izungushe ndani ya pete ya ferraiti, na kabla haijaingia nyumbani rudia.

Sasa nguvu. Kuna ugonjwa umeingia wa kununua amplifaya za wati mia tano, wati elfu. Ukishuka kutoka wati 100 hadi 25 umepoteza desibeli sita, yaani alama moja ya S, kipimo cha unavyosikika, kwenye mita ya mwenzako. Moja! Muscat wananisikia vizuri kwa 25. Wa FT8, ule mtindo wa kompyuta kutumiana ujumbe mfupi, ndio usiseme, uliundwa kusikika ndani ya kelele, halafu mtu anaupiga wati 100 usiku kucha, sekunde kumi na tano anarusha, kumi na tano anasikiliza, na jirani anasikia tiki, kimya, tiki. Mnatafuta nini? Anayejua kazi yake anavuka bahari kwa wati chache. Mwenye wati elfu anavuka ukuta wa jirani.

Nikurudishe kwa mama mwenye nyumba wako, maana siku ya kulaumiwa bure nayo itafika. Mwaka mmoja baada ya mambo ya msikiti, jirani wa upande wa pili alianza kulalamika TV yake inaganda kila saa mbili usiku, wakati wa taarifa ya habari. Jina langu lilikuwa limeshachafuka, hivyo hakuna aliyefikiria mtu mwingine. Kilichoniokoa ni daftari. Kila ninaporusha naandika saa, masafa, nguvu, na niliyezungumza naye. Tunaandika kwa UTC, saa moja ya dunia nzima iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, kwa hiyo saa mbili usiku yetu ni 1700 pale daftarini, na nilimkalisha mwenyekiti wa mtaa nikamweleza hesabu hiyo polepole. Siku zile alizolalamika, safu yangu ya 1700 ilikuwa tupu, na baadhi yake sikuwepo hata Tanga, nilikuwa Korogwe kwenye msiba. Nikamwomba jirani achomoe busta ya antena yake ya TV. Picha ikatulia. Adapta ya busta ndiyo ilikuwa imekufa nusu. Hakuniomba radhi. Watoto wake bado wananiita Mzee wa Mawimbi.

Anza daftari leo, hata kabla antena haijapanda. Na mpe jirani naye karatasi aandike saa na kilichotokea. Atachoka siku ya tatu, lakini atakuwa amekuona mtu wa haki.

Jambo ambalo sitaki ulifanye kabisa: usifungue kifaa cha mtu. Hata skrubu moja. Najua unaweza, najua kapasita ya shilingi mia ingemaliza kazi. Wiki mbili baadaye king'amuzi kitakufa kwa umeme wa TANESCO kukatika na kurudi, na wewe ndiye utakayekuwa umekiua. Kazi yako yote iwe nje ya boksi, kwenye nyaya, jirani akiwa amekaa anaangalia.

Haya, pete. Vile vibanio vidogo vya plastiki vinavyouzwa kwa kuvishwa kwenye waya mara moja havifanyi kitu cha maana kwenye megahezi 7 wala 14. Unahitaji pete kubwa na mizunguko mingi, kwa sababu kizuizi huongezeka kwa mraba wa mizunguko: ukizungusha mara mbili unapata mara nne, ukizungusha mara saba unakaribia arobaini na tisa. Ukiagiza nje taja mchanganyiko wa ferraiti namba 31 kwa masafa ya chini, 43 ukikaa zaidi juu. Saizi iitwayo 240 ina kipenyo cha nje cha milimita 61 na tundu la 35 hivi. Plagi yetu ya pini tatu haipiti kwenye tundu hilo, na usithubutu kuikata. Chomoa waya upande wa king'amuzi, anza kuzungusha kutoka huko. Nunua mara mbili ya unazohitaji, nusu zitabaki kwenye nyumba za watu, na antena usiiweke juu ya bati.